Zamu ya Kuchukua Dawa

Tarehe kumi na tisa Machi, Jumanne asubuhi, dada yangu alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Msibani watu walinong'ona kwamba ni virusi vya Ukimwi vimemmaliza. Si kweli. Dawa za virusi alizimeza miaka kumi na moja bila kuruka siku.

Mimi na dada sote tulikuwa navyo. Tulikaa Bunju, dawa tukachukulia Temeke, maana tuliogopa macho ya jirani kuliko umbali. Safari ilikula siku nzima, kwa hiyo tukapeana zamu. Mara hii naenda mimi na kadi zote mbili, miezi mitatu ikipita anaenda yeye. Tulijiona wajanja. Dawa zilifika nyumbani, lakini aliyebaki nyumbani hakuonwa na nesi wala daktari.

Siku moja nesi aliniambia wanawake wenye virusi tunatakiwa kuangaliwa mlango wa kizazi kila mwaka, kwa sababu saratani ile hutuwahi sisi kuliko wengine. Nilisema nitakuja na dada. Nilimkuta anageuza samaki kwenye karai, nikamweleza.

"Mdogo wangu, pale wamepita watoto wanne," alisema. "Wamebakiza nini cha kuangalia?"

"Labda wanatafuta wa tano."

Tulicheka mpaka samaki wakaungua. Mimi nilicheka kwa sababu hata mimi nilikuwa naogopa.

Zamu yangu iliyofuata nesi aliuliza, "Na dada yako ameshapimwa?"

"Ameshapimwa," nikasema. "Hospitali nyingine. Na mimi pia."

Foleni ilikuwa ndefu, nilitaka kuondoka. Nesi akaandika kwenye kadi zetu. Hakuna aliyenilazimisha kusema vile.

Miaka miwili baadaye dada alianza kutokwa damu nje ya siku zake. Alisema ni umri, hedhi inaaga. Alikaa miezi mitano akifua vitambaa kwa siri, hata mimi alinificha. Tulipofika hospitali, daktari alisema ugonjwa umeshasambaa. Nilimuuguza mwaka mzima, na mwaka mzima sikumwambia nilichomjibu nesi. Amekufa hajui.

Arobaini yake ilipopita nilikwenda Temeke. Nesi alikuwa yuleyule.

"Dada hakupimwa," nilimwambia kabla sijaketi. "Wala mimi. Nilikudanganya."

Alinitazama, akaweka kalamu chini. "Yuko wapi?"

"Tumemzika."

"Pole, mama." Alifungua mlango wa chumba cha vipimo. "Basi wewe ingia."

Nilipanda kitandani. Alipaka siki kwenye mlango wa kizazi ili penye kasoro pageuke peupe, akasubiri kama dakika moja, akamulika.

"Kuna doa jeupe, dogo. Hilo bado siyo saratani, ila tukiliacha linaweza kuwa. Tulichome kwa kifaa cha joto leo leo?"

"Choma."

Tumbo liliniuma kama la siku za hedhi, kisha likatulia. Haikuchukua muda. Ni mara ngapi nilikuwa nimesubiri dawa kwa muda mrefu kuliko ule, sijui.

"Utarudi baada ya mwaka," nesi alisema. "Na wiki sita hizi ulale peke yako."

"Mie nalala peke yangu mwaka wa saba huu."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nilivaa, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje na kadi zote mbili mkononi.