Kikaango Cheusi cha Philip Maluki

Philip Maluki ameoa mara moja, amezika mara moja, na vikaango amenunua vinne.

Cha kwanza kilikuwa cha alumini, chepesi kama karatasi. Kilipopata moto kilifura katikati, mafuta yote yakakimbilia pembeni na yai likabaki linaungua peke yake. Cha pili kilikuwa nonstiki ya kung'aa. Miezi miwili tu, ile rangi ikaanza kubanduka, na Philip akawa anaila pamoja na mayai. Cha tatu alikitoa Githurai kwa mchuuzi aliyeapa kwa jina la mamake kwamba ni cha mawe. Mawe gani! Siku ya tatu skrubu ya mpini iling'oka, mafuta ya moto yakammwagikia mguuni, na kovu analo mpaka leo.

Sasa utauliza, mwanamume anayeishi peke yake Makongeni, Thika, anayepakia mabelo, yale marobota ya vitambaa, kiwandani kutwa nzima, kikaango cha nini? Si ale kibandani kama wenzake? Ngoja nikwambie basi.

Philip ana binti, Cindy, wa miaka tisa. Mamake, Kavata, alipofariki, nyanyake mzaa mama alimchukua akaenda kumlea Kithimani. Ilikuwa sawa wakati ule, maana Philip mwenyewe alikuwa hajiwezi. Lakini miaka mitatu imepita, na kila akitoka kumtembelea hurudi Thika na kifua kizito, anakaa kitandani na viatu miguuni. Alimtaka mtoto wake nyumbani. Hilo tu ndilo alilotaka duniani.

Nyanya mtu, Mwongeli, si mtu wa maneno mengi. Alimpigia simu mwezi wa sita. "Baba Cindy, mtoto hakuzwi kwa mkate na soda. Shule zikifungwa Agosti nitakuja naye. Nikiona ni nyumba ya mtoto kukaa, nitamwacha. Nikiona siyo, narudi naye, na usinisumbue tena."

Philip alijiambia, hapa ni chapati. Kavata alikuwa akipika chapati kila Jumapili, na Cindy alikuwa akizila kabla hazijapoa. Atazipika yeye. Ndipo Okello, mwenzake wa zamu, alipomwambia aache kununua takataka za barabarani, aende Ruiru kwa fundi mmoja wa jua kali anayeitwa Gerishon, anayefua vikaango vya chuma.

Gerishon ni mzee mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na mdomo wake hauna breki. "Unataka ya kupendeza ama ya kupika?" akamuuliza.

"Ya kupika."

"Basi inua hii."

Philip aliinua, mkono ukashuka. "Ni nzito, mzee."

"Ngai! Mtu wa kubeba mabelo analia juu ya kikaango!" Gerishon alikigonga kwa nyundo, kikatoa sauti nene, fupi. Akakiweka juu ya meza na kukibonyeza ukingoni, hakikuyumba. Akamwonyesha mpini, umechomelewa, hauna skrubu hata moja. "Hii utazikwa uiache ikipika. Lakini iko na masharti. Paka mafuta ya ng'ombe, kidogo tu, uichome mpaka iache kutoa moshi. Ipoe. Rudia, kila siku. Itakuwa nyeusi, na ikikuwa nyeusi ndio imekubali. Sabuni, hapana. Kuikwaruza na waya, hapana kabisa. Ukifanya hivyo, usije kunililia hapa ati chapati zinashika."

Basi Philip akafuata masharti kama mgonjwa anavyofuata dawa. Kila jioni akitoka kazini, mafuta, moto, moshi, dirisha wazi, macho yanamtoka machozi. Wiki ya kwanza chapati zilishika, akazikwangua kwa kisu. Wiki ya tatu zikaanza kugeuka. Wiki ya sita kikaango kilikuwa cheusi tititi, na chapati inateleza juu yake yenyewe, laini, ina madoadoa mazuri. Haki ya Mungu, alipiga picha akamtumia Okello.

Siku ikafika. Mwongeli na Cindy waliingia saa nne asubuhi, na mkoba mmoja ambao Cindy alikuwa amekatazwa kuufungua. Philip hakumpa mkwe wake mkono. Kwa Wakamba, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humkalii karibu, humpandishii sauti, humkosoi hata iweje. Alimwekea kiti karibu na mlango, akamsalimu akiangalia chini, "Karibu, Mwaitu," jina lile lile alilomwita mamake mzazi. Unga ulikuwa umekandwa, umefunikwa. Maziwa ya chai tu ndiyo hakuwa nayo, akatoka mbio kwenda dukani na Cindy, wameshikana mikono, akimsimulia njiani habari za kikaango na masharti yake.

Waliporudi, alisikia kabla ya kuona. Kwaru, kwaru, kwaru.

Mwongeli alikuwa amechuchumaa kwenye bomba la ploti, lile la wapangaji wote, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, anasugua kikaango kwa waya na majivu. Usimlaumu mama wa watu. Huko kwake sufuria husuguliwa mpaka uone uso wako ndani, na mwanamke akikuta chombo cheusi katika nyumba ya mjane wa kiume, aibu ni yake asipokiosha. Wiki sita zilikuwa zinashuka kwenye mtaro, nyeusi, pamoja na povu.

"Baba Cindy," akasema, anahema kidogo, "vyombo vyako vilikuwa vimezidi."

Philip alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Maneno yalimjaa mdomoni, mabaya. Akayameza. "Asante, Mwaitu," akasema. "Umejisumbua."

Chapati ya kwanza ilishika. Ya pili ikachanika vipande vitatu. Cindy akaanza kumwambia nyanyake, "Susu, si dadi alisema hiyo haioshwi na..." Philip akamtikisia kichwa, mtoto akanyamaza. Aliona kila kitu kikimponyoka hapo hapo kwenye meko. Akazima moto, akatoa kikopo cha mafuta ya ng'ombe, akaanza kupaka upya, taratibu, kama siku ya kwanza.

Mwongeli alimtazama kwa muda mrefu. Aliangalia kikopo, akaangalia kikaango, akamwangalia mtoto.

"Ile nyeusi," akasema kwa sauti ya chini, "haikuwa uchafu."

Kudanganya hakutaka, na kumjibu aliogopa. "Yalikuwa mafuta, Mwaitu. Hujengwa polepole."

"Ulijenga siku ngapi?"

"Wiki sita."

"Aiya!" Akajishika mdomo. "Na ukanipata naiharibu, ukanishukuru?"

Philip akaendelea kupaka. Mwongeli akaongea akiangalia sakafu.

"Mimi sikuja kuangalia chapati, hata mimi hunishinda. Nilikuja kuangalia mkono wako. Marehemu mume wangu, babake Kavata, alikuwa akimchapa mtoto wake mpaka alale chini, kwa sababu ya kikombe tu kimevunjika. Mimi nilikuwa nasimama katikati. Hapa nikajiuliza, mtoto wa Kavata akiharibu kitu, ni nani atasimama katikati?" Alipangusa macho kwa ncha ya leso. "Cindy, ule mkoba niliokukataza kufungua, ufungue. Panga nguo zako hapa."

Cindy alipiga kelele iliyosikika ploti nzima. Philip akageukia ukuta na kulia, mbele ya mkwe wake, jambo ambalo kwao halifanywi. Mwongeli alijifanya hajaona. Alivuta kiti chake kutoka mlangoni mpaka karibu na meko, akakunja mikono ya nguo yake, akauliza mafuta yanapakwa kiasi gani.