Gasketi Niliyoisugua

Baba yangu ni fundi magari. Gereji yake ni banda la makuti nyuma ya nyumba yetu hapa Tumbe, na zamani kila pikapu iliyobeba samaki kwenda Chake ilipita mikononi mwake. Siku hizi wenye gari wanakwenda kwa vijana wa mjini wenye mashine za kupimia. Kwetu alibaki mteja mmoja tu, mchuuzi wa dagaa, mtu wa maneno mengi.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, pikapu ya yule mchuuzi ikaanza kuchemsha. Baba akafungua injini, akakuta gasketi imeungua. Gasketi ni kibati chembamba kinacholala kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Moto huku, maji ya kupoozea huku, na katikati hamna kingine cha kuvitenga.

"Ikichemsha tena hino, Mzee, naivuta kwa kamba mpaka mjini," mchuuzi akasema. "Na wewe nakufunga nyuma yake."

"Utaivuta kwa meno gani, wewe kibogoyo?" Baba akamjibu.

Wakacheka. Mie sikucheka. Nilijua akihama huyu, gereji imekufa.

Gasketi mpya ililetwa kutoka Unguja ndani ya bahasha ya plastiki. Nyeusi tii, kama imepakwa masizi. Baba alizoea zile za shaba. Hizo alizichoma kwenye moto wa vifuu mpaka ziwe nyekundu, zilainike, kisha ule weusi wa moto ukasuguliwa kwa msasa mpaka shaba ing'are. Kusugua ni kazi yangu tangu nina miaka tisa. Kuongea na watu siwezi, ila kusugua naweza.

"Hino ya chuma, haina haja ya kuchomwa," alisema. "Wewe itoe uchafu tu."

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya Kiingereza. Nikaisoma polepole. Ilisema ule weusi ni tabaka la kustahimili joto: chuma kikitanuka na kusuguana ndani ya injini, lenyewe ndilo linalokikinga kisilike, na linaziba mikwaruzo ambayo jicho haliioni. Lisikwanguliwe.

Nikaenda na karatasi mpaka mgongoni kwa baba. Mchuuzi kakaa juu ya tairi, anasimulia. Mie nimfundishe baba kazi mbele ya mteja?

"Baba..."

"Ehe?"

"Msasa umekwisha makali."

Akanipa mwengine, mpya.

Nikasugua mpaka vidole vikawa vyeusi na gasketi ikawa nyeupe. Baba akaiinua juani. "Mwaona? Mikono ya mwanangu hiyo."

Haikutimia wiki, pikapu ikarudi inavutwa. Baba akachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka na kitu kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamepenya. Mchuuzi hakutania hata neno, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Basi, Mzee wangu, wewe pumzika tu," alisema kwa sauti ya mtu anayetoa mkono wa pole msibani. Wakaivuta kwenda Chake.

"Nilisahau kukaza boliti gani?" Baba akaniuliza. Aliuliza hivyo siku nyingi, chakulani, akitoka kusali, mara nyengine peke yake. Kisha akaacha kufungua gereji.

Mwezi uliopita, tukichimba muhogo, nikamwambia yote. Hakuinua kichwa.

"Karatasi ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Na wewe ukaisoma."

"Niliisoma, Baba."

Akapiga jembe mara mbili tatu. "Ungenambia siku ile, ningekwambia nyamaza usugue." Sijui alikuwa ananifariji au ndiyo kweli yenyewe. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Afadhali waseme nimezeeka kuliko waseme sijui kusoma."

Nikamwitikia. Muhogo tuliong'oa nusu yake ilikuwa imeoza. Tukautia kapuni vivyo hivyo.