Marando ya Nyanya

Wiki mbili zilizopita, nikitoka kazini hapa Mwiki, nilisimama kwa mama mmoja anayeuza ngwaci, viazi vitamu vilivyochemshwa. Alikata kiazi kimoja kunionyesha. Nje chekundu, ndani manjano, kikavu mpaka kinamomonyoka.

"Hizi unatoa wapi?" nikamuuliza.

"Ngoingwa, kwa shosho mmoja."

Wewe unanijua, mimi sinunui viazi vitamu. Marafiki hudhani vinanipa kiungulia, nami nimewaacha wadhani hivyo. Leo acha nikwambie ukweli.

Nililelewa na nyanya kule Ngoingwa, kabla maghorofa hayajafika. Babu alikuwa amepata kazi kiwandani Thika, na nyanya alipomfuata kutoka magharibi, alibeba marando kwenye gunia lililoloweshwa maji, yale mashina ya viazi vitamu yanayotambaa. Alipewa na mama yake siku ya kuondoka. Kwao udongo ulikuwa mwekundu na mvua haikosi. Hapa alikuta udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Hakununua mbolea hata siku moja. Aliinua matuta juu ili viazi visioze, akachanganya majivu ya jikoni na mavi ya sungura, na marando yakakubali. Hatukung'oa shina zima. Tulitafuta ufa kwenye tuta, tukachimba kwa vidole, tukatoa kiazi kikubwa na kuvifunika vidogo vizidi kunenepa. Asubuhi, sufuria iliyofunikwa kwa majani ya mgomba ilinukia mpaka langoni.

Upande wa pili wa ua wa kayaba aliishi bibi tuliyemwita shosho, rafiki mkubwa wa nyanya. Kati ya miiba ile kulikuwa na shimo ambalo mtoto angepita akiinama. Hapo zilipita sahani, chumvi, makaa ya moto na umbea mwingi. Nyanya alimpa marando mwaka ule ule walipojuana. "Marando hayauzwi," alikuwa akisema. "Ukiyauza, ukame ukija utamwendea nani?"

Kiangazi kilikausha marando yote shambani, ila kipande kidogo nyuma ya bafu, ambako maji ya kuogea yalitiririka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yetu. Kazi yangu ilikuwa kuongezea maji ya vyombo kila jioni, na kabla sijapakuliwa chakula nyanya aliniuliza, "Umemwagilia?" Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwatafutia sungura majani. Kiangazi kile majani yalikuwa mbali, kule mtoni, na wenzangu walikuwa wanacheza mpira wa kati. Nilikuwa na miaka tisa na uvivu wa mtu mzima.

Mwaka huo goti lilimlaza nyanya kitandani karibu mwezi mzima. Siku ya kwanza nilikata marando machache tu. Sungura walifurahi. Kesho yake nikakata tena. Nilipoulizwa kama nimemwagilia nilijibu ndiyo, hali maji nilikuwa nimeyamwaga mlangoni ili niwahi mchezo. Nyanya aliposimama na fimbo yake kwenda kuangalia, palikuwa na visiki vilivyokauka.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mbuzi ya shosho," nikasema. "Imepitia kwa shimo."

Sikuwahi kumsikia nyanya akipaza sauti kabla ya siku ile. "Mbuzi yako imenimalizia marando ya mama yangu!"

"Wee, mbuzi yangu imefungwa!" shosho akajibu. Maneno yakazaa maneno, mpaka yakafika kwa makabila yao. Jioni nyanya aliziba shimo kwa bati. Mimi ndiye niliyemshikia misumari.

Sasa sikia lile baya zaidi. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza nilikuta bati limesukumwa kando, na hapo chini pamewekwa furushi la marando mabichi, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilielewa mara moja. Nyanya akiliona ataita, shosho ataitika, watazungumza, na wakizungumza nimekwisha. Nikalibeba furushi mpaka kwa sungura, nikasimama pale mpaka jani la mwisho likaisha.

Nyanya alikuwa ameshainua matuta. Nilimwona ameegemea jembe, akiangalia lile bati. "Hata yeye," alisema, "niliyempa kwa mkono wangu." Baadaye mtu wa kanisani alimletea marando mengine. Yalizaa viazi vyeupe, vya majimaji. Nyanya alikula nusu ya kimoja, akakiweka chini. "Hivi ni viazi tu," alisema.

Alifariki nikiwa sekondari. Kabla ya mwili kusafirishwa kwao, ulipitishwa nyumbani kwa maombi. Shosho alisimama nje ya lango na leso yake mkononi. Hakuingia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, mpaka Jumamosi iliyopita nilipofika tena Ngoingwa. Shamba la nyanya sasa ni ghorofa. Ua wa kayaba umeng'olewa, pamejengwa ukuta wa mawe. Shosho yupo, mgongo umepinda, bado analima kikona chake. Alinitambua kwa sauti. Akanipa kiti, akaweka sahani ya ngwaci katikati, na nilipoonja nilitaka kulia.

"Nyanya yako aliniumiza roho," alisema akimenya. "Nilimwekea marando kwa shimo. Akachukua, hata hakuniita."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha.

"Hakuyaona, shosho. Ni mimi. Niliwapa sungura. Hata mbuzi yako haikukula kitu. Ilikuwa ni mimi."

Kisu kilisimama.

"Ai," alisema. "Kumbe nimekasirikia marehemu bure. Nilifika mpaka kwa gate, na sikuingia."

Hakunigombeza. Afadhali angenichapa. Aliinuka polepole, akaenda shambani na kisu chake, akakata marando, akayafunga, akanikabidhi.

Yako kwenye ndoo iliyotobolewa, hapa verandani Mwiki, na yameanza kushika. Kila jioni nayamwagilia maji ya vyombo. Nikimaliza husimama kidogo na beseni tupu mkononi. Hakuna wa kuniuliza kama nimemwagilia.