Mapengo kwenye Kisu cha Baba

Mi ndiye mwenye makosa, naanza na hilo ili usinionee huruma mapema. Nilimfukuza mutu mwema kwa mdomo wangu, kwa sababu ya kisu. Lakini aliyenisaliti nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na hilo linanichoma mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya vita, tunakaa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Nilikuwa nachoma brosheti, mishikaki ya mbuzi, kando ya barabara. Kisu changu nilirithi kwa baba, aliyekuwa makanika. Alikifua mwenyewe kwa chuma cha resori ya kamiyo, ile springi ya lori, na kwenye nyama kilipita bila kelele. Alinionya: chuma hiki ni kigumu, ukikigonga kwenye mfupa kinamegeka. Mifupa ilikuwa kazi ya panga. Lakini panga tulikuwa tumelifukia nyuma ya choo, maana siku zile askari wakikukuta na panga mu nyumba, hata ueleze vipi hawakusikii.

Mama Diyo alikuwa amekimbia kutoka Carama na mtoto wake, nikampa chumba cha uani. Tulipika pamoja, tukacheka pamoja. Kisu tulitumia wote wawili, ila yeye alikatia mboga za lengalenga tu.

Asubuhi moja nashika kisu, naona makali yamemegeka sehemu tatu. Nyama ikawa inachanika, haikatiki. Nikamuuliza Mama Diyo.

"Apana mimi, dada," akasema.

Mume wangu alikuwa ameketi pale pale na kikombe chake. Akapuliza chai, ingawa haikutoa moshi tena.

Nikaona nimesalitiwa. Mutu nimempa chumba, tunakula sahani moja, ananiharibia kitu cha marehemu baba kisha ananidanganya machoni! Hasira ikanipeleka mpaka kwenye bomba la maji, palipojaa wanawake, nikasema kwa sauti: "Kisu kilienda kwa Mama Diyo kizima, kimerudi na mapengo. Mumuulize alikuwa anakata nini."

Nilitaka aone haya tu, wallahi. Lakini vita ilikuwa imewafundisha watu kusikia neno kama lile kwa namna nyingine: kisu kilichokata mutu. Wanawake wakaangaliana. Mmoja akachukua ndoo yake haijajaa, akaenda.

Kabla jua halijazama vijana wa mtaa walikuwa mlangoni, wanamtaka huyo aliyerudisha kisu na mapengo. Nikawaapia kwamba yalikuwa maneno ya hasira, wakaondoka bila kuniamini. Kesho yake Mama Diyo alifunga godoro lake akahamia Buterere, kule ambako kila mvua maji yanaingia mu nyumba. Mume wangu alimsaidia kubeba godoro mpaka barabarani. Nikamsifu kwa roho nzuri, mjinga mimi.

Miezi ikapita. Siku moja risasi zikalia karibu na soko, tukafunga biashara, nikarudi mapema. Nikamkuta mume wangu mlangoni ameshika mguu wa ng'ombe, kisu cha baba kimezama kwenye kiungo, anakipindua huku na huku apate uboho.

"Ni wewe?"

"Panga si tulifukia?" akasema. Kisha, polepole: "Niliogopa utakasirika."

Nitakasirika! Aliogopa kelele zangu, akaacha mama na mtoto waende kulala kwenye maji. Sikuwahi kumchukia mutu kama nilivyomchukia saa ile.

Nilienda Buterere. Mama Diyo alinipa kiti chake, yeye akakaa chini. Nilipomwambia nimejua, hakushangaa.

"Mi nilimuona," akasema. "Ulinipa nyumba, Mama Saidi, sikutaka kuvunja yako. Ungeniuliza mu chumba, sisi wawili, labda ningekuambia. Lakini we uliuliza kule kwenye bomba."

Nikamuomba arudi. Akanisindikiza mpaka njia kubwa, akanishika mkono vizuri kama zamani, akasema apana.

Yule mume bado niko naye, na kisu bado ninacho. Fundi alisema akisaga mpaka mapengo yaishe, kisu nacho kitaisha.

Basi we unayesoma, kitu chako kikiharibika, usikimbilie nje na mdomo. Anza mu nyumba, kwa sauti ya chini. Na ukimuona mutu wako anapuliza chai iliyokwisha kupoa huku mwenzake anashutumiwa, muulize yeye kwanza.