Blanketi la Mama

Juzi huko Ruiri mzee mmoja alikuwa akiniuzia trekta kuukuu. Kabla ya kuiwasha aliijaza rediata maji moto, nami nikajua bei lazima ishuke. Kisha mvuke ukapanda na harufu ya dizeli, nikasahau kubishana.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni kwetu, na mama alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Barabara ilikuwa tope tupu. Ni trekta ya baba tu ingeweza kumfikisha hospitali, nayo ilikuwa imegoma kwa baridi. Kila baba alipojaribu iliguna, ikanyamaza.

Baba aliingia ndani, akachukua sufuria ya maji moto ambayo nyanya alikuwa amemchemshia mama, akayamwaga yote kwenye rediata. Akarudi, akamwondolea mama blanketi, akaenda kuifunika injini.

"Baba, mama anatetemeka!" nililia, nikimpiga ngumi mapajani. "Unafunika chuma!"

"Nyamaza, Kendi."

Niliona wazi kwamba alikuwa amechagua.

"Mwache baba yako," mama aliita kutoka kitandani, meno yakigongana. "Mimi bado niko na joto. Hiyo ndiyo imekufa."

Baba akajaribu tena. Trekta iliguna, ikakohoa moshi mweusi, ikanguruma. Akambeba mama hadi kwenye tela, akamrudishia blanketi lake.

Walirudi na ndugu yangu akiwa amefungwa ndani ya blanketi lile. Nilimnusa kichwa. Kwa miaka mingi niliamini watoto wote huzaliwa wakinuka dizeli.