Mafuta Yasiyonukia

Nakumbuka Jumamosi moja ya Julai, mwanangu, katika baridi kavu ya hapa Sydney, upepo ukishuka kutoka milimani na kutupasua midomo sote, wenyeji kwa wageni. Siku hiyo nilimuunguza bibi harusi. Sikumuunguza kwa moto. Nilimuunguza kwa mafuta, nikiwa na nia njema na kiburi kingi, na hivyo viwili vikipikwa chungu kimoja hakuna atakayekisifu chakula.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijatimiza hata mwaka tangu nitoke Tanga. Nilikaa Doonside, kitongoji cha mji huu, kwa Bi Rukia, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa somo wa maharusi wetu wa pwani huku ugenini. Yeye ndiye aliyewasinga mwili kwa manukato, akawapaka hina, akawafunza yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Watu wa pwani hatukuwa wengi mji huu. Harusi ikipatikana, huzungumzwa mpaka ipatikane nyingine, na jina la somo huwa midomoni mwa wanawake wale wale. Mimi nilikuwa nikimshikia bakuli, nikijifunza kazi, na moyoni tayari nikijiona najua.

Bibi harusi huyo aliitwa Zuhura. Alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu nusu, na kazi yake ilikuwa uuguzi. Alikuja kwetu siku kumi kabla ya siku ya hina, amevuta mikono ya sweta mpaka kwenye ncha za vidole.

“Onyesha,” Bi Rukia akamwambia.

“Anti, please, usicheke.”

Nani angecheka? Kwa kunawa mara hamsini kwa siku, na dawa ya kuulia vijidudu, na glavu, ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekatika vipande vipande kama tope lililoachwa juani. Hina nayo haipendi ngozi ya namna hiyo. Huzama kwenye nyufa, ikatoka madoa badala ya maua.

“Upande wa mume wanakuja wanawake saba,” Zuhura akasema. “Mama mkwe ameshaniambia, kitu cha kwanza watakachoangalia ni mikono. Mimi sijui kuimba nyimbo zao, sijui kupika pilau yao. Angalau mikono, Anti.”

Bi Rukia aliigeuza ile mikono kama mtu anayesoma barua. “Inatoa damu?”

“Hapana.”

“Ingetoa damu ningekupeleka kwa daktari kwanza. Mimi somo, si tabibu.” Kisha akanigeukia. “Hawa, kesho panda treni uende Granville ukaniletee mafuta ya saflawa. Mwambie muuzaji yale ya ngozi, si ya kukaangia.”

Labda hulijui ua hilo, mwanangu. Saflawa ni ua la miba, rangi yake ya chungwa iliyoiva, na nywele zake zikikauka hufanana sana na zafarani. Ndiyo maana wafanyabiashara wasio na haya huziuza kwa jina la zafarani, na wengi wetu tumezitia kwenye biriani tukishangaa mbona harufu haiji. Yule mzee wa duka la viungo pale Granville alinionyesha gunia lake. “Ua halina kosa,” akaniambia, “ni watu wanaolipa jina lisilo lake.” Nikacheka, nikalipa, nikaondoka. Maneno mazuri yakimwangukia kijana huwa kama mvua juu ya bati: kelele nyingi, na hakuna kinachozama.

Mafuta yenyewe hukamuliwa kwenye mbegu. Niliifungua chupa ndani ya treni nikainusa. Hayakunukia kitu. Nikayapaka mgongoni mwa mkono, yakazama mara moja, hayakuacha hata mng'ao wa kumwonyesha mtu. Nilifika nyumbani nimenuna.

“Bibi, haya yana faida gani? Hayanukii.”

“Ndiyo sababu nimeyataka,” akasema Bi Rukia. “Ngozi iliyochoka haitaki mgeni mwenye makelele.”

Akanionyesha namna ya kuyatumia. Mikono ioshwe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Ifutwe kwa kuguswaguswa tu, ibaki na unyevu kidogo. Kisha matone matatu, manne, yasambazwe kuanzia kwenye kiganja mpaka pembeni mwa kucha. “Mafuta hayaleti maji,” alisema, “yanayafungia mlango yasitoke. Ukiyapaka juu ya ngozi kavu umefunga nyumba isiyo na mtu.” Asubuhi hivyo, jioni hivyo, na akirudi kazini hivyo. Basi.

Kazi ile akanikabidhi mimi. Zuhura alikuja kila siku akitoka zamu, tukakaa jikoni, nikampaka. Siku ya nne nyufa ndogo zilikuwa zimeanza kujifunga. Lakini mimi nilitaka ajabu, mwanangu. Nilitaka wale wanawake saba waulize, “Ni nani aliyemtengeneza?” na jibu liwe jina langu.

Jumamosi hiyo Bi Rukia alikwenda msibani. Nikabaki na chupa, na kapu la hina likiwa rafuni. Ndani ya kapu mlikuwa na kichupa cha mafuta ya karafuu. Unajua sisi watu wa pwani: hina huipiga tone la karafuu ili rangi ikolee, na kwetu kitu kisichonukia ni maji tu. Nikajiambia, kama karafuu huipa nguvu hina, kwa nini isiyape nguvu mafuta haya mabubu? Nikamimina. Si tone. Robo ya kichupa.

Zuhura alipofika alifurahi. “Leo yananukia kama nyumbani kwa nyanya yangu!”

“Nimeyaboresha,” nikasema.

Nikampaka, nikasugua hasa. Haukupita muda akaanza kupuliza vidole. “Hawa, inachoma.”

“Ndiyo inafanya kazi.”

“Hapana, inachoma kweli. Nioshe?”

“Vumilia, dada. Uzuri hauji bure.”

Nimesema maneno mengi ya kijinga maishani, lakini hilo *vumilia* ndilo ninalolisikia mpaka leo nikiwa peke yangu. Alivumilia kwa sababu alinidhani najua. Kesho yake mikono ilikuwa imevimba, myekundu, na malengelenge katikati ya vidole. Daktari akampa dawa ya kupaka, akakataza hina isiguse mikono hiyo mpaka apone kabisa.

Bi Rukia aliishika ile chupa, akainusa mara moja. “Karafuu,” akasema. Akaiweka chini. Nami nilifurahi, kwa kuwa nilidhani mambo yamekwisha hapo.

Siku ya hina sebule ilijaa. Zuhura alikaa juu ya mkeka, miguu imechorwa mpaka kwenye vifundo, na mikono ameificha chini ya kanga. Wale wanawake saba wa upande wa mume wakaangalia, wakatazamana.

“Mbona mikono mitupu?” mmoja akauliza. “Au huyu tunamwoa miguu?”

“Hina imewaishia,” akadakia mwingine. “Huku ughaibuni kila kitu nusu.”

Wakacheka. Zuhura akainama. Ndipo Bi Rukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetangaza chai tayari: “Mikono yake imedhuriwa na mafuta yaliyotoka nyumba hii. Mkosaji ni mimi.”

Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nilihesabu moyoni: nikisema sasa, sitakuwa somo kamwe. Nikainama nikamimina kikombe cha kwanza, kisha cha pili, mpaka vyote vikajaa.

Kesho yake alfajiri, baada ya sala, Bi Rukia aliniita jikoni.

“Jana nilikungoja,” akasema.

“Uliningoja kwa nini, Bibi?”

“Niliposema mkosaji ni mimi, nilikuachia nafasi ya kusema hapana. Wewe ukajaza vikombe.”

Heri angenipiga. Wazee walisema ukupigao ndio ukufunzao, lakini yule mama alinifunza bila kuinua mkono, na maumivu yake yamedumu zaidi. Nikalia. Akaniacha nilie mpaka nimalize, akanipa kitambaa.

“Ngozi ya Zuhura itajirudi,” akasema, “Mungu ameiumba ijue kujirudi. Uaminifu haujirudi wenyewe, lazima uufuate kwa miguu. Anza kwa Zuhura, kisha wale saba, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Usinitume mimi na usitumie simu.”

Zuhura alinipokea mlangoni, mikono imefungwa bendeji. Nikamwambia yote. Akasikiliza, kisha akanijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, akiyatafuta maneno:

“Karafuu niliinusa, Hawa. Nilijua. Hiyo ningeisahau. Lakini nilikuambia inachoma, na wewe ukaniambia nivumilie. Mimi mgonjwa akiniambia inauma, naacha kila kitu namsikiliza.”

Nilipanda treni Jumapili tatu kuwafikia wale saba. Mmoja alinipa chai. Mmoja alicheka mpaka akafuta machozi, akasema na yeye aliwahi kuunguza mtu kwa dawa ya nywele. Mmoja hakunikaribisha ndani, nikasema maneno yangu nikiwa barazani, upepo ukinipiga, naye akanijibu tu, “Haya,” akafunga mlango. Baada ya hapo maharusi wawili waliokuwa waje kwa Bi Rukia walipelekwa kwa mtu mwingine. Bi Rukia mwenyewe hakuwahi kunisimanga kwa hilo. Mungu amrehemu.

Na mikono? Ilipona. Daktari aliporuhusu, Bi Rukia alirudi kwenye yale yale mafuta matupu, matone matatu juu ya unyevu, asubuhi na jioni, safari hii akayajaribu kwanza ndani ya kiwiko na kungoja siku nzima. Mwezi wa pili wa ndoa yake Zuhura alikuja akapakwa hina mikono yote miwili, pale pale jikoni, bila wageni wala vigelegele. Siku hiyo aliosha mafuta yote kwanza, kwa sababu hina haishiki kwenye ngozi yenye mafuta. Ilipokauka, nikaambiwa niibandue kwa saflawa badala ya maji ili rangi isipauke. Kila kidole nilichokigusa nilimwuliza, “Inachoma?” Mara ya sita akasema, “Hawa, bwana, sasa unanichosha.”

Mwanangu, nakuambia haya kwa sababu nawaona ninyi vijana mkichanganya mafuta jikoni na kuyauza kwenye simu, na kila chupa inaahidi miujiza. Mafuta ya saflawa ni mazuri, nayapaka mpaka leo katika uzee huu. Ni mepesi, hayanati, hulainisha ngozi kavu na kuisaidia kutunza unyevu wake, hubeba manukato au dawa nyingine bila kugombana nayo, na hufuta wanja machoni kwa upole. Basi sema hayo. Usiseme yanang'arisha rangi, kwa maana rangi yako haina ugonjwa. Usiseme yanafuta makovu, au kwamba yanatosha kukukinga na jua la nchi hii. Yaweke kwenye chupa ya giza, mbali na dirisha na jiko, kwani huchacha upesi, na yakianza kunuka kama karanga za zamani yatupe bila huruma. Yajaribu kwanza mahali padogo, maana wako watu ambao ngozi zao huyakataa. Na penye kidonda, mpishe daktari.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukijikuta unaongeza harufu ili watu wakuone, jiulize unamhudumia nani. Mtu akikuambia inachoma, mwamini yeye kuliko unavyoiamini elimu yako. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema hapo hapo, mbele ya wale wale, kabla mwingine hajalibeba jina la kosa lako.

Mwenyezi Mungu aifanye mikono yako iwe laini kwa wenye maumivu na migumu kwa uongo. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akukutanishe na watu wa kukungoja unapochelewa kusema kweli, nawe usiwachoshe kwa kungoja. Amina.