Nyumba ya Kuishi ni Ipi?

Leo nimejua ndoa yangu imekwisha, nikiwa nimesimama kwenye dirisha la ofisi ya kodi.

Mimi na mume wangu tunahama mtaa wa Fisksätra kwenda mtaa wa Sundbyberg, na tuna kijumba cha mapumziko mashambani. Tulienda kuuliza kodi yake.

Karani akauliza, "Nyumba ya kuishi ni ipi, na ya pili ni ipi?"

Nikajibu, "Tutaishi Sundbyberg."

Mume wangu akasema, "Yeye ndiye ataishi huko. Mimi niandike kule kijumbani. Nahamia huko peke yangu."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, jamani!

Karani aliacha kuandika, akanitazama.

Nikamwambia, "Andika alivyosema."

Nimefika nyumbani, binti yetu Divine ananiuliza kwa Kiswidi kama baba ndiye atakayebeba sofa siku ya kuhama.

Nimemjibu ndiyo.

Ninyi mngemwambia nini?